Vienna walivyotunyang'anya Acacia

Nitasema mapema tusipotezeane muda: kura ya Vienna ilikuwa kosa, na miaka iliyopita tangu hapo haijaisafisha.

Kuigawa Acacia ya zamani hakukuwa tatizo. Vinasaba vilionyesha kwamba jenasi ile haikuwa ukoo mmoja, na waliofanya kazi hiyo waliifanya vizuri. Ugomvi ni nani abaki na jina.

Kanuni mnaijua: jina hufuata sampuli inayolibeba. Acacia ni ya Miller, 1754, na aliyelibeba ni Acacia nilotica, mti wa Afrika na Asia. Ukiigawa jenasi, kundi lenye nilotica ndilo linalobaki Acacia. Wengine watafute lao. Na Waaustralia walikuwa nalo tayari, Racosperma, lililofufuliwa miaka ya 1980 na Pedley, mtu wao wenyewe wa Queensland. Hawakulitaka. Mwaka 2003 Orchard na Maslin wakapeleka pendekezo kwamba nilotica ivuliwe jina, na Acacia penninervis ya kwao ivikwe. Hoja yao ilikuwa hesabu: Australia ina spishi karibu 1,000, Afrika hazifiki 200. Haya, lakini tangu lini umri wa jina ukapimwa kwa wingi wa wajukuu?

Sasa itazameni kura yenyewe. Julai 2005, Vienna, kikao cha majina cha Kongamano la Kimataifa la Botania. Kamati zilikuwa zimeshalipitisha pendekezo. Wajumbe hawakuulizwa kama wanataka Acacia ihamie Australia. Waliulizwa kama wanaikataa kazi ya kamati, na kuikataa kulihitaji asilimia 60. Waliokataa walikuwa asilimia 54.9. Waliokubali, 45.1. Wachache wakaondoka na jina!

Kiwango cha asilimia 60 kipo ili mambo yasibadilishwe ovyo. Pale Vienna kikawa ngao ya waliokuwa wanabadilisha. Mzigo wa kutafuta hiyo 60 ulipaswa kubebwa na Orchard na Maslin, si na wale waliosema tuache kama lilivyo. Ongezeni na hili ambalo nimelipigia kelele mara nyingi: taasisi hupewa kura kwa ukubwa wake, kuanzia moja hadi saba, na hebaria kubwa ziko kwa wenzetu. Miti inaota huku, kura zinalala kule. Wajumbe walipokutana Melbourne mwaka 2011, tena uwanja wa nyumbani wa Waaustralia, mapendekezo ya maridhiano yakaanguka yote.

Matokeo yake njoo uyaone hapa kwetu. Miwati ya Njombe, Acacia mearnsii, ililetwa Tanzania ipandwe kwa ajili ya magome ya kusindikia ngozi. Asili yake Australia. Yenyewe bado ni Acacia. Shuka sasa na Mto Malagarasi hadi kwenye mbuga, miombo inapokoma. Shika tawi la mgunga. Miiba miwili miwili, myeupe, iliyonyooka, imetokea kando ya kikonyo cha jani, na maua yamejikusanya kuwa vitufe: huyo leo ni Vachellia. Jirani yake mwenye vijiiba vifupi vilivyopinda na maua ya suke ni Senegalia. Mgeni kabaki sebuleni, mwenyeji kahamishiwa uani.

Kutofautisha makundi hayo mawili hakukungoja maabara. Bentham aliyaona karne ya 19, na Brenan, katika juzuu yake ya 1959 ya FTEA (Flora of Tropical East Africa), aliwapanga migunga wa Afrika Mashariki kwa miiba, maua na maganda ya mbegu kiasi kwamba hadi leo ukikwama porini unarudi kwake. Watu wa aina hiyo hawapo tena. Verdcourt naye, Kigoma inamkumbuka, kama inamkumbuka, kwa sababu ndiye aliyemwendesha Jane Goodall na mama yake kutoka Nairobi mwaka 1960. Mimi namkumbuka kwa juzuu alizoziandika za FTEA. Siku hizi fedha na vijana wote wanakimbilia Usambara na Udzungwa. T4, kanda ya FTEA ya magharibi mwa Tanzania, inaachiwa watafiti wa sokwe.

Kyalangalilwa na wenzake waliwahamisha rasmi migunga wa Afrika mwaka 2013, kazi safi. Lakini hoja ya wanaokataa kulirudia suala hili, kwamba majina lazima yatulie, imeshakufa: Madrid, 2024, wajumbe walipiga kura moja wakabadili caffra, neno la tusi kwa Waafrika, kuwa affra katika majina zaidi ya 200, na hakuna hebaria iliyoanguka. Walikuwa sahihi. Basi wasituambie la nilotica haliguswi.

Hadi liguswe, anayekusanya sampuli Uvinza au Mahale aandike Vachellia kwa sababu kanuni inamlazimisha, Acacia ya Brenan kwenye mabano, na chini yake jina la Kitongwe, lugha ya wenyeji. Nishida na Uehara waliyaorodhesha majina hayo mwaka 1981. Lebo nyingi ninazoziona bado zinaacha mstari huo mtupu.