"Nitatwala sosiali, juu kule hakuna mahesabu"



Mdogo wangu wa kike iko mu darasa la nane. Mwisho wa mwaka huu wa masomo atafanya TENASOSP, ule mtihani wa kuelekeza watoto, kisha ataingia humanite. Jioni moja, hapa kwetu Lubumbashi, nilimuuliza mbele atasoma nini. Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Yaya, mi nitatwala sosiali, juu kule hakuna mahesabu. Kisha ku chuo kikuu nitafanya Relasio Internasionali." Mama akafurahi, akasema ni vizuri, mutoto anajijua.

Mimi sikufurahi. Maneno hayo niliyasikia miaka karibu 14 iliyopita, mu darasa letu wenyewe, siku tulipokuwa tunagawana opsio. Wengi waliosema vile niliwakuta tena mu chuo kikuu, wanahangaika na kozi ya statistiki, wanatafuta karatasi za mwaka uliopita ili wazishike kwa kichwa. Walikimbia hesabu wakiwa na miaka 14, hesabu zikawangojea mbele.

Mutaniuliza: wewe agronomo, sayansi za jamii zinakuhusu nini? Zinanihusu juu kazi yetu inaishia mu lupango za watu. Mbegu nzuri isipokubaliwa na mama mwenye shamba, inabaki mu gunia.

Kwanza tuelewane juu ya namna mambo yalivyo kwetu. Mu nchi zingine mwanafunzi anaweza kuchagua somo moja moja: hili nalitaka, lile naliacha. Kwetu hapana. Tangu sheria ya elimu ya 2014, elimu ya msingi ni miaka 8, kisha humanite miaka 4. Mtoto hachagui masomo, anachagua opsio, ni kusema mzigo mzima uliokwisha kufungwa: sayansi, latini-filo, pedagojia, komersiali, sosiali, na zingine. Anachagua akiwa na miaka 13 ao 14, na mara nyingi anayemchagulia ni mzazi, ao prefe, ao umbali wa shule na pesa za kulipa.

Na tunachagua vipi? Tunapanga opsio kama ngazi. Juu kabisa tunaweka "wenye akili": sayansi. Chini tunaweka pedagojia na sosiali, na tunawatuma kule wale ambao hesabu ziliwashinda. Halafu miaka 4 mbele tunawatuma hao hao ku fakultate ya sayansi za jamii, siasa na utawala, tukiamini kwamba ni njia moja inayonyooka, juu majina yanafanana. Hapo ndipo ninapopinga. Jina la opsio halimtayarishi mtu. Kinachomtayarisha ni kazi anayoifanya ndani yake.

Niwape mfano ambao mimi mwenyewe ndiye mwenye kosa. Nilipokuwa natayarisha memwari yangu ya lisansi, nilienda mu vijiji vya barabara ya Kasenga kuuliza watu juu ya mahindi. Mimi nilitoka biokemia, hesabu hazinitishi. Nilikuwa na maswali yangu yamepangwa vizuri: hekta ngapi, magunia mangapi, mbolea kilo ngapi. Baba wa nyumba anajibu, mama anakaa pembeni anachambua maharagwe, mimi naandika. Siku tatu nikaandika vile.

Siku ya nne nikaenda na rafiki yangu wa sosiolojia. Yeye hakuanza na karatasi. Alikaa karibu na mama mmoja, akaanza kuongea naye juu ya watoto, juu ya soko, juu ya bei ya unga. Kidogo kidogo mama akasema kwamba yeye pia iko na shamba lake, upande wa mto, la mihogo na karanga, na njo hilo linalolipa shule ya watoto. Baba hakulitaja hata mara moja. Si kwamba alidanganya: kwake yeye, "shamba" ni mahindi yake. Nilirudi nyuma kwenye karatasi zangu zote za siku tatu nikaona kwamba nilihesabu vizuri nusu ya kila nyumba. Hakuna mwalimu aliyenifundisha kuuliza. Shuleni tulikuwa tunasema historia na filozofia ni "masomo ya kujaza", tunayasoma usiku mmoja kabla ya egzameni.

Lakini jioni yake mambo yaligeuka. Rafiki yangu alikuwa na karatasi zake 40 za memwari, na hakujua aanzie wapi. Alichukua mashamba yote, akajumlisha, akagawanya, akaandika kwamba mkulima wa kijiji kile anafanana na mtu mwenye hekta mbili na nusu. Ilibidi nimwonyeshe kwa mfano mwepesi. Tuseme watu 39 wako na hekta 1 kila mmoja, na tajiri mmoja iko na hekta 61. Jumla ni hekta 100. Gawanya kwa 40, unapata 2.5. Lakini mu kijiji hicho hakuna hata mtu mmoja mwenye hekta 2.5! Ukiwapanga watu kwa mstari, kutoka mdogo hadi mkubwa, yule wa katikati iko na hekta 1. Hiyo njo sura ya kijiji. Aliniangalia muda mrefu, akasema: "Kama wangenionyesha hivi mu humanite, singekimbia."

Sijasahau neno hilo. Hesabu ile haiko ngumu. Ni kujumlisha, kugawanya, na kujua unahesabu nini. Kilichomfukuza ni ile hofu tuliyomtia akiwa mtoto, kwamba hesabu ni za watu wa aina nyingine.

Na msifikiri kwamba hesabu ni mambo mapya yaliyoletwa ku sayansi za jamii juzi. Émile Durkheim, ambaye kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sosiolojia anasikia jina lake, alitoa kitabu chake juu ya kujiua mwaka 1897, na kitabu hicho kimejaa hesabu za vifo, nchi kwa nchi, dini kwa dini, walioolewa na wasioolewa. Hapa kwetu, sensa ya mwisho ya watu wote wa nchi ilifanyika 1984. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu hatukuwa tumezaliwa. Tangu hapo tunaishi kwa makadirio. Nani atatuhesabu, ataona nani amesahaulika mu hesabu, na atajua kuuliza yule mama wa shamba la upande wa mto? Ni hao vijana tunaowaambia leo waende sosiali juu kule hakuna mahesabu.

Kuna jambo la pili, nalo ni kuandika. Mu Exetat, ukiacha disertasio inayofanywa mbele, maswali ya siku zile nne ni ya kuchagua jibu. Miaka ya mwisho ya shule tunafundishwa kuchagua: hii kweli, hii uongo, hii "hakuna jibu". Kisha mtoto anafika chuo kikuu, anaambiwa aandike kurasa 40 kwa mawazo yake mwenyewe. Anafanya nini? Anakopi memwari ya mwingine, anabadilisha jina la kijiji. Tunamlaumu kwamba ni mvivu, na uvivu uko. Lakini nani alimpa zoezi la kuandika kurasa mbili kila juma?

Na lugha. Tunafikiri lugha ya sayansi ni Kifaransa peke yake, na Kiswahili ni cha soko. Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyefanya kazi hapa Katanga, alizungumza na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu juu ya historia ya nchi yetu, na mazungumzo yao yalikuwa kwa Kiswahili. Mgeni alijifunza Kiswahili chetu ili asikie. Sisi tuliozaliwa nacho tunatafsiri maswali kutoka Kifaransa neno kwa neno, kisha tunashangaa mwanakijiji anajibu "ndiyo" kwa kila kitu.

Basi mtoto anayetaka sayansi za jamii aende wapi? Sitasema wote waende sayansi. Hilo pia ni kosa, ni ngazi ile ile tunaipanda upande mwingine. Mimi niliyetoka sayansi nimewaonyesha nilivyoanguka. Ninachosema ni hiki: achague opsio yenye saa za kutosha za hesabu ambayo ataiweza bila kuvunjika, kisha ajaze kwa nguvu zake kile ambacho mzigo wake hauna. Komersiali inampa uhasibu na uchumi, lakini asome historia. Latini-filo inampa lugha na kufikiri, lakini asiache hesabu. Pedagojia inampa saikolojia na kusimama mbele ya watu, ila ajifunze asilimia na wastani. Hata sosiali si mbaya. Kubaya ni kuichagua kwa sababu ya kukimbia.

Nilimwambia mdogo wangu maneno hayo yote. Alisikiliza, kisha akanipiga swali moja lililoninyamazisha: "Na kama nikianguka Exetat juu ya mahesabu, ni wewe utanilipia mwaka mwingine?"

Iko na haki. Kwetu asilimia ya diploma inafungua mlango ao inaufunga, na mwaka uliopotea ni pesa za familia nzima. Ni rahisi mimi mwenye lisansi kuhubiri ujasiri kwa mtoto ambaye mwalimu wake wa hesabu anakuja mara moja kwa juma. Kwa hiyo ninapomaliza, kosoa yangu haimwendei mtoto. Inatuendea sisi: wazazi, waalimu, na sisi wenye diploma tunaokuja hapa kuandika. Tukimwambia mtoto asikimbie, tukae naye.

Kufikia leo tumepatana hivi. Shule yenye opsio ya sayansi iko mbali, taksi mara mbili kila siku, hatutaiweza. Ataenda komersiali, shule iko karibu na nyumba. Kila siku ya posho saa nne tunakaa mezani saa moja na nusu: nusu ya kwanza hesabu, nusu ya pili anaandika ukurasa mmoja juu ya kitu alichokiona mu kartie. Posho iliyopita aliandika juu ya wamama wanaouza makala kwenye kona yetu. Aliwauliza wangapi wanauza kwa mali yao na wangapi wanauzia mtu mwingine. Kwa wamama 11, ni 4 tu wanaouza kwa mali yao.

Akanipa karatasi, akauliza: "Yaya, hiyo ni asilimia ngapi?"

Nikampa kalamu.