Bahari Yenye Sura ya Mtu

Katika hadithi za wazee wetu jua husema, upepo hubishana, na mto hukataa kumvusha mtu mbaya. Hakuna mtoto anayeshangaa. Hata lugha yetu yatusaidia: tukisema «upepo ukavuma», twataja kitu, tukisema «Upepo akavuma», papo hapo tumempa utu. Kiungo kidogo cha neno chatosha.

Lakini mkristu aweza kuuliza: je, ni vema mwandishi avipe viumbe moyo na nia kama vya mtu? Je, si kurudi katika kuabudu milima na maji? Tusijibu kwa maneno matupu. Tuchukue kitabu kimoja, tukipime.

Kitabu hicho ni «The Old Man and the Sea», yaani Mzee na Bahari, cha Ernest Hemingway wa Marekani. Kilitoka mwaka 1952, na mwaka 1954 mwandishi wake alipewa zawadi ya Nobel. Habari yake ni fupi. Mvuvi mzee wa Kuba, jina lake Santiago, amekaa siku 84 bila kupata samaki. Siku ya 85 anakwenda mbali sana, peke yake, na samaki mkubwa ajabu anashika ndoana yake. Anamvuta mzee na mashua yake mchana na usiku. Mwisho mzee anamshinda, anamfunga ubavuni mwa mashua, kwa kuwa samaki ana urefu wa futi 18, kuipita mashua yenyewe. Ndipo papa wanakuja. Mzee anapofika pwani, amebakiwa na kichwa, mifupa na mkia.

Basi, tuitazame bahari. Kwa Kispanyola neno «bahari» laweza kuwa la kiume au la kike. Santiago hulitamka kwa namna ya kike, kama mtu anayemtaja mwanamke ampendaye. Kwake bahari ni mwenye kutoa na mwenye kunyima. Akiwa mkali, ni kwa sababu hana budi, kwani mwezi unamtawala. Lakini vijana waliopata fedha kwa kuuza maini ya papa, wakanunua mashua zenye mashine, hulitamka kwa namna ya kiume. Kwao bahari ni mshindani au adui. Kiswahili hakina njia hiyo ya kutenga kiume na kike. Sisi tungelazimika kusema «mama Bahari» na «yule adui Bahari».

Maji ni yaleyale. Chumvi ni ileile. Kumbe sura mbili za bahari zatoka katika mioyo miwili ya watu. Anayemwona mama huomba na hungoja; anayemwona adui hupigana na huhesabu faida. Mwandishi ameipa bahari uso ili tuuone uso wa mvuvi. Hii ndiyo kazi ya mfano wa namna hii katika hadithi, nao ukifanya kazi hiyo, hauna ubaya wowote.

Tena tuangalie jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Katika kitabu hiki chote bahari haisemi hata neno moja. Mzee ndiye anayesema. Anazungumza na samaki, na ndege aliyechoka, hata na mkono wake mwenyewe ulioshikwa na ganzi. Lakini hakuna kinachomjibu. Na papa walipokwisha kula samaki wake, je, aliilaumu bahari? Aliulaumu mwezi? Hapana. Alijiuliza ni nini kilichomshinda, akakiri kwamba alikuwa amekwenda mbali mno. Hapa ndipo moyo wa kitabu ulipo. Mtu aliyeipa bahari utu wote huo hakuitupia kosa lake.

Hemingway mwenyewe, katika barua aliyomwandikia mtaalamu Bernard Berenson mwaka 1952, alikana kwamba kitabu chake kina mifano iliyofichwa: bahari ni bahari, mzee ni mzee. Tumsadiki? Nusu yake. Mfano usiokuwa kwanza kitu cha kweli ni kama mtumbwi wa karatasi. Bahari hii inalowesha, inabeba, inachosha. Kwa hiyo ina nguvu ya kubeba maana pia. Lakini pengine mwandishi alisahau neno lake mwenyewe. Karibu na mwisho, mzee anabeba mlingoti begani, anaanguka, anainuka, kisha analala amenyosha mikono yenye vidonda. Mkristu anaguswa, ndiyo, akikumbuka Njia ya Msalaba. Lakini pia anauona mkono wa mwandishi ukimsukuma. Bahari haimsukumi msomaji hivyo, na kwa hiyo inamfundisha zaidi.

Kuna upungufu mwingine. Santiago anamwita samaki ndugu, kama Mtakatifu Fransisko wa Asizi alivyoliita jua kaka na maji dada katika wimbo wake wa karibu mwaka 1225. Lakini Fransisko alikuwa na ndugu wengi kwa sababu alimjua Baba yao mmoja. Sifa zote alimrudishia Bwana. Mzee wetu ana ndugu, ila Baba yake yu mbali. Anaahidi kusali Baba Yetu 10 na Salamu Maria 10, na kwenda kuhiji kwa Bikira Maria wa Cobre, kama akimpata samaki. Alimpata. Kitabu hakituambii kama alikwenda. Mwandishi ndiye aliyepeleka kitu huko: medali yake ya Nobel iliwekwa katika kanisa hilo la Cobre.

Haya si mambo ya Kuba tu. Wakaaji wa Goma wanajua mazuku, ule upepo mbaya unaoua watu na mifugo mabondeni. Wanajua pia Nyiragongo, mlima uliotoa moto Januari 2002 ukaingia mjini, na tena Mei 2021. Tukisema «Mlima amekasirika», twasema vizuri, na mwandishi wetu wa kesho aweza kutunga hadithi kubwa juu ya neno hilo. Lakini mazuku ni hewa nzito itokayo ardhini, isiyo na harufu, inayojikusanya mahali pa chini pasipo na upepo. Mtoto anayefundishwa tu kwamba ni roho mbaya atatafuta hirizi, wala hatajua kulikwepa shimo. Na tukisema mlima ndiye mwenye kosa, hatutamwuliza kamwe aliyeuza kiwanja katika njia ya moto, wala vita vilivyomfukuza maskini hata akajenga hapo.

Basi, tusiogope hadithi ambamo upepo na maji ni watu. Tuwasomee watoto wetu, kisha tuwaulize: ni nani aliyempa Upepo sura hii, na sura hii yaonyesha nini ndani ya mtu huyo? Hadithi nzuri itajibu. Hadithi mbaya itatuachia mlima wa kulaumu, basi.

Injili ya Marko yatuonyesha njia katika sura ya nne. Yezu aliukemea upepo, akaiambia bahari inyamaze, kama mtu asemavyo na mtu. Vikatii. Lakini hakuviuliza swali lolote. Swali aliwageuzia mitume waliokuwa chomboni, kwa nini waliogopa, na kama bado hawakuwa na imani.