Filamu Iliyoanzia Mwisho

 

Ndugu wasomaji, najua baadhi yenu mtastaajabu kumwona mzee wa chuoni anahakiki filamu, tena filamu ya watunisha misuli. Lakini hapa Singida nina kijana niliyemsomesha tangu alifu na be mpaka akakhitimu, naye siku hizi ananyanyua vyuma kwa kujiandaa na mashindano ya mwakani. Mwezi wa Mei baba yake, mkulima wa alizeti kule Ikungi, alimwita akamsaidie kuvuna kwa siku 8. Akakataa. Alisema siku 8 bila vyuma zitamharibia mwili. Alipoletwa kwangu tusuluhishe, alitoa simu yake akaniambia, "Maalim, tazama kwanza hii, ndipo unihukumu." Nikaitazama yote, kwani mshitakiwa ana haki shahidi wake asikilizwe.

Filamu yenyewe ni Pumping Iron, iliyotolewa mwaka 1977, na walioiongoza ni George Butler na Robert Fiore. Inamfuata Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria ambaye miaka mingi baadaye alikuwa gavana wa California, katika kipindi cha mwisho kabla ya mashindano ya Mr. Olympia ya mwaka 1975.

Sitaidhulumu. Jasho lile ni jasho kweli. Na yumo kijana mwengine, Lou Ferrigno, ambaye masikio yake yaliharibika tangu utotoni, anafanya mazoezi na baba yake mzazi amesimama kichwani pake, anamhimiza, anamkemea, anamfuta uchovu kwa maneno. Pale nilitulia. Dini yetu haikutaka tuwe wadhaifu; tumefundishwa kwamba muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi, na kwamba mwili nao una haki yake juu yetu. Khabari ya mavazi yao jukwaani sina haja ya kuirefusha, maana kila aliyepita chuoni anajua mipaka ya uchi wa mwanamume ni kitovu na magoti.

Liko jambo jengine ambalo watu wa rika langu hawatalipita kimya. Mashindano yale yalifanyika Pretoria, katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka uliofuata, 1976, Tanzania ilisusia michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya ragbi kucheza huko huko Afrika Kusini, na Filbert Bayi wetu akakosa mbio alizokuwa akizingojewa na dunia. Wale wa vyuma walikwenda, wakajipaka mafuta, wakapigiwa makofi.

Lakini kosa kubwa la filamu hii, kwangu mimi, ni kwamba imeanzia mwisho. Nimemdadisi kijana, akanieleza vizuri: mtunisha misuli hawezi kuwa katika hali ya jukwaani mwaka mzima. Mashindano yakisha, huingia miezi mirefu isiyo na mtazamaji. Hapo hula zaidi kidogo ya anachotumia, akaongeza uzito wa vyuma polepole, akalala vya kutosha, akakubali tumbo lipoteze michoro yake. Yanapokaribia tena ndipo hupunguza chakula ili mafuta yaondoke na misuli ionekane. Basi kinachoonekana jukwaani kilijengwa wakati hakuna aliyekuwa akitazama. Mtu wa Singida, mwenye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, halihitaji somo hili. Anajua shamba husafishwa jua likiwa kali, na ghala hutengenezwa kabla ya mavuno.

Filamu imeyaruka hayo, na pamoja nayo imeruka dawa. Schwarzenegger mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba alitumia steroidi, homoni za kutengenezwa, lakini ndani ya filamu hulioni hilo. Kijana anayeitazama anadhani ni nyama na moyo mkuu tu. Akifuata vyuma miaka mitatu asifanane nao, atanong'onezwa sindano. Na ajue: dawa hizo huunyamazisha mwili usitengeneze homoni zake wenyewe, korodani husinyaa, mbegu za uzazi hupungua, na moyo na ini huweza kuumia. Mama mzaa chema, ukiona chupa usizozijua chini ya kitanda, uliza.

Sasa nafika pale aliponileta. Katika filamu Schwarzenegger anasimulia kwamba baba yake alikufa miezi miwili kabla ya mashindano, mama akapiga simu, naye hakwenda mazikoni ili asikatize maandalizi. Kijana wangu alisimamisha picha hapo. "Umeona, Maalim? Huyu hakwenda maziko, mimi nimekataa alizeti tu."

Nikamwambia: shahidi wako amekwisha kujikana. Schwarzenegger na mtengenezaji wa filamu walikuja kusema kwamba kisa kile walikitwaa kwa mtunisha misuli mwengine, kikawekwa kinywani mwake ili aonekane mwenye moyo wa jiwe. Tena tazama tarehe. Baba yake alifariki Disemba 1972, na Mr. Olympia ya mwaka ule ilikuwa imekwisha pita. Ilikuwa miezi ile ile isiyo na mtazamaji, kama uliyo nayo wewe Mei hii. Misuli haiyeyuki kwa siku 8. Mtu aliyezoea hupumzika hata wiki mbili na nguvu zake zikabaki karibu zote, na magunia ya alizeti nayo si pamba. Mtume (S.A.W.) alimrudisha kwa wazazi wake mtu aliyetaka kwenda jihadi. Itakuwa jukwaa?

Nilimwuliza na khabari ya mayai. Anakaa kwa shangazi yake hapa mjini, nyumba yenye watoto watano, na yeye peke yake humaliza trei ya mayai 30 kwa siku mbili, wenzake wakila ugali wa mtama na mlenda. Israfu si lazima iwe karamu. Yai moja lina kiasi cha gramu 6 za protini. Gramu 100 za choroko kavu zina 23 au 24. Sufuria moja ya choroko ingemjenga yeye na wale watano. Hili halikumfurahisha.

Alivaa viatu akaaga bila kunijibu juu ya Ikungi. Jana nilimwona sokoni amebeba trei. Nikamwuliza ya nani, akacheka akasema, "Ya nyumbani, Maalim," kisha akapita upande wa wauza nafaka.