Kina, Urefu na Nukta: Vipimo vya Mapango katika Kamusi Elezo ya Mtandaoni

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003 na kujiita kamusi elezo huru, imerithi kutoka kwa ile ya Kiingereza desturi ya kuweka jedwali dogo kando ya makala. Makala ya Kiingereza inayohusu pango huwa na jedwali lenye nafasi za kina, urefu, tofauti ya kimo, mwinuko wa mahali, idadi ya milango, na majiranukta, yaani digrii za latitudo na longitudo. Aghalabu huongezwa ramani ya nchi yenye nukta. Desturi hii ina manufaa yake: msomaji hupata habari kwa kutupa jicho, na mapango ya nchi mbalimbali yaweza kulinganishwa. Walakini jedwali nalo ni maandishi, na yapasa lipimwe kwa swali lile lile wanaloulizwa waandishi wote: je, msomaji asiye na mwalimu kando yake atafahamu nini?

Shida ya kwanza ni ya lugha. Kivumishi -refu hubeba katika Kiswahili maana tatu ambazo Kiingereza huzigawia maneno mbalimbali: mti mrefu huenda juu, njia ndefu huenda mbele, na kisima kirefu huenda chini. Msemaji hakosi kueleweka, kwa sababu nomino inayotangulia humwonyesha msikilizaji upande wa kuelekea. Kisima hakiwezi kwenda mbele, wala njia kwenda chini. Lakini pango laweza kwenda pande zote tatu pamoja. Kwa hiyo “pango refu” ni usemi usio na upande, na neno “Urefu” likisimama peke yake katika jedwali, likifuatwa na tarakimu, halina nomino ya kulisaidia. Mfasiri aliyeandika hivyo hakuvunja sarufi, ila amemwachia msomaji kazi ya kubahatisha.

Neno “kina” laonekana kuwa dawa, nalo ni jema, ila ni neno la maji. Mabaharia wa pwani walipima kina kwa bildi, yaani chubwi ya risasi iliyofungwa kambani, wakahesabu kwa pima. Bildi hushuka wima, na mwanzo wa hesabu hauna ubishi: ni uso wa maji. Pangoni mambo hayo mawili, wima na mwanzo, hayajulikani mpaka yatajwe.

Mifano mitatu yatosha. Pango la Veryovkina, lililoko Abkhazia katika milima ya Kaukazi, lilitajwa mwaka 2018 kuwa na kina cha mita 2,212. Tarakimu hiyo ni tofauti ya kimo kati ya mdomo na mahali pa chini kabisa palipofikiwa. Na kwa kuwa mdomo wenyewe uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hata huko chini mtu hajashuka kupita usawa wa bahari. Pango la Kitum, katika mlima Elgon upande wa Kenya, ambamo tembo huingia usiku kung’oa mwamba wenye chumvi kwa pembe zao, huandikwa kwa Kiingereza kuwa na kina cha mita 200 hivi. Hapo kina ni umbali wa kuingia ubavuni mwa mlima, wala si kushuka. Na katika Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi, wanaakiolojia walitangaza mwaka 2021 kaburi la mtoto la miaka 78,000 hivi iliyopita, lililokuwa karibu mita 3 chini ya sakafu ya sasa. Kina hicho ni cha udongo uliochimbwa, wala hakihusu pango lenyewe. Maana tatu, neno moja, nafasi moja katika jedwali. Msomaji akiziweka tarakimu hizi kando kwa kando atadhani amelinganisha, kumbe amechanganya.

Shida ya pili ni ya wakati. Urefu wa mto hubadilika kidogo tu vizazi hata vizazi, bali urefu wa pango ni urefu wa njia zilizokwisha kupimwa, nao huongezeka kila mpimaji anapofika mbali zaidi. Mwaka 1972, wapelelezi walipovumbua kwamba mapango ya Flint Ridge na Mammoth Cave huko Kentucky, Marekani, yameungana, urefu uliopimwa ulifikia maili 144 hivi; leo umepita maili 420, yaani zaidi ya kilomita 675. Veryovkina nalo lilijulikana mwaka 1968 kwa kina cha mita 115 tu. Mwamba haukubadilika, kilichoongezeka ni elimu. Tarakimu isiyo na mwaka huificha historia hiyo, ikamfanya msomaji aamini kwamba kazi imekwisha.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wasomaji wa Kiswahili, kama yanavyoonyesha mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini ya mji wa Tanga. Simulizi za wenyeji husema kwamba njia zake zafika Mombasa, na wengine hutaja Kilimanjaro. Upimaji uliofanywa mwaka 1994 haukuona humo pango hata moja lililofika urefu wa kilomita moja. Kamusi elezo yenye busara haitaitupa simulizi, kwa kuwa simulizi ni habari juu ya watu na jinsi wanavyoliona pango lao. Itaiweka katika maelezo, ikisema ni simulizi, na kipimo itakiweka katika jedwali, ikitaja mwaka na mpimaji. Maana pasipo mwaka na mpimaji, tarakimu ya jedwalini na simulizi ya kijijini zina hadhi moja: zote mbili ni maneno ya kuaminiwa bure.

Ramani nayo ina ufasaha wake na udhaifu wake. Nukta huwekwa kwa hesabu: programu huzijua digrii za kingo nne za ramani, ikagawa kwa uwiano. Hesabu hiyo ni sahihi endapo mistari ya ramani imechorwa kwa nafasi sawa. Ramani iliyochorwa kwa kanuni nyingine huisogeza nukta mahali pasipo pake. Hata ikiwa sahihi, ukubwa wake wadanganya. Katika ramani ya Tanzania yenye upana wa sentimita 6, milimita moja ni kilomita 20 hivi. Basi nukta ya milimita 2 iliyowekwa Amboni huufunika mji wa Tanga, na sehemu ya bahari pia. Ramani hiyo hujibu swali la mkoa, wala haijibu swali la njia. Kinyume chake, majiranukta yenye tarakimu tano baada ya alama ya desimali hudai usahihi wa mita moja hivi, ambao mara nyingi hakuna aliyeupima, hasa pango likiwa na milango mingi na jedwali lisiseme ni mlango upi.

Tena usahihi si fadhila kila mahali. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 juu ya hifadhi ya mapango katika ardhi ya serikali huzuia kutangazwa kwa mahali pa mapango yenye thamani, isipokuwa kwa masharti. Katika pwani ya Afrika Mashariki yako mapango ya mizimu ambayo watunzaji wake wana haki ya kuulizwa kabla nukta haijawekwa. Mwandishi aweza kutaja wilaya na kuishia hapo, pasipo kupunguza elimu ya msomaji.

Yatakiwa basi nini? Si jedwali kubwa zaidi. Yatakiwa majina yasiyohitaji kubahatishwa: “urefu wa njia zilizopimwa”, “kina cha wima kutoka mdomoni”, “umbali wa kuingia ndani”, “kimo cha mdomo juu ya usawa wa bahari”. Kila kipimo kifuatwe na mwaka na jina la waliopima, na kila nukta itaje mlango inaouonyesha. Hoja hii ni nzito zaidi tangu mwaka 2012, ilipoanzishwa ghala ya Wikidata, ambamo tarakimu moja huhifadhiwa na kutumiwa na lugha nyingi. Ghala hiyo yaweza kuhifadhi mwaka na chanzo pamoja na tarakimu, lakini jina litakaloandikwa mbele yake kwa Kiswahili halijichagui lenyewe. Kulichagua ni kazi ya waandishi wa Kiswahili wenyewe, na wasipoifanya, tarakimu iliyo sahihi kwa Kiingereza yaweza kuwa kosa kwa Kiswahili pasipo mtu kuigusa.