Kadi ya Kamera Kuukuu

Ingia duka lolote la vifaa vya simu mjini Kitale uulizie kadi ya kamera. Kuna uwezekano mkubwa utatolewa microSD ya GB 64 au 128 ndani ya adapta, maana hiyo ndiyo wenye simu wanayoitaka. Kwa mwenye Nikon D50 ya mwaka 2005, hicho ni kipande cha plastiki tu. Kamera yake haitakitambua. Basi usianze na kadi. Igeuze kamera, soma jina lake, ujue ni ya mwaka gani.

SD ya asili huishia GB 2. SDHC, iliyotoka 2006, ni kuanzia GB 4 hadi 32. SDXC ya 2009 huanzia hapo kwenda juu. Kamera mpya huzipokea kadi za zamani, lakini ya zamani haizijui kadi zilizozaliwa baada yake. D50 hutaka kadi iliyoandikwa SD basi, bila HC wala XC. Nikon D40 na D80, na Canon 450D na 1000D, hukubali SDHC, kwa hiyo GB 32 ndiyo mwisho wake. Kuna fundi atakayekuapia kwamba GB 64 ikifomatiwa kwa FAT32 itaingia. Wakati mwingine huingia kweli, ila mimi siendi nayo harusini.

Canon 350D, 400D na 5D, pamoja na Nikon D70, hutumia CompactFlash, ile kadi pana yenye vitundu 50 ukingoni. Hapa kagua vitundu kwa tochi ya simu kabla ya kuuliza bei. Kimoja kikiziba kwa uchafu, hupinda sindano iliyo ndani ya kamera, na kuinyoosha sindano hiyo ni kazi ya gharama kuliko kadi yenyewe. Ikigoma kuingia, usiisukume. Ama zile kamera ndogo za Olympus na Fujifilm zinazotumia kadi ya xD, hata ukipewa moja bure uliza kwanza kama inakuja na kadi yake.

Sasa tuje kwenye feki. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye kadi, kibaya nacho hujiuza, tena kwa maandishi ya dhahabu. Usihangaike sana na rangi ya lebo wala chapa ya nembo, kwa sababu wanaoghushi wana mashine nzuri za kuchapa. Uongo wenyewe umo ndani: kile kidude kinachoiongoza kadi kimefundishwa kusema GB 64 hali nafasi iliyopo ni 8. Kompyuta huamini. Kamera huamini. Picha za kwanza hutoka safi, mteja hufurahi. Nafasi ya kweli ikiisha, kadi huendelea kupokea kana kwamba hakuna lililotokea. Majina ya picha yapo yote, ukifungua unakuta nusu ya bibi harusi na nusu nyingine rangi ya kijivu.

Dawa ni moja: ijaze. Programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huandika kadi nzima kisha huisoma tena kuhakikisha kilichoingia ndicho kinachotoka. Kadi ya GB 8 inayoandika MB 10 kwa sekunde hujaa kwa muda wa kama robo saa, na kuisoma ni muda mwingine. Muuzaji akikataa kukungojea, basi akubali kuibadilisha ikishindwa. Akikataa na hilo, ameshakujibu.

Kuhusu kasi, wengi hulipia wasichoweza kukitumia. Kadi yenye safu mbili za meno ya dhahabu nyuma, yaani UHS-II, ikiingia kwenye 450D hutumia safu moja tu. Daraja la 10 la kweli linatosha. Lakini usishuke chini ya hapo kama unafanya kazi Bungoma mwezi Agosti wa miaka shufwa, msimu wa tohara ya Wabukusu. Mtahiriwa hurudi kutoka mtoni alfajiri amepakwa matope, umati unaimba, na kisu hakimngoji mtu. 450D hubeba picha 6 za RAW mfululizo kisha husimama kumwaga kwenye kadi. Ikiwa kadi ni ya polepole, tendo limepita wewe ukitazama taa nyekundu. Na matope yale hufika mikononi mwako pia. Kwa hiyo adapta ya microSD iache nyumbani: ni maungio mawili badala ya moja, na uchafu hupenda maungio. Chukua SD kamili, ambayo kiswichi chake cha pembeni kimekaza. Kikilegea, kadi hujifunga yenyewe na kamera ikakataa kuandika.

Kamera ya megapikseli 10 hutoa JPEG ya MB 4 hivi, kwa hiyo GB 8 ni picha karibu 2,000. Nani ana haja ya GB 32? Nunua mbili za GB 8 zilizojaribiwa, uzifomati ndani ya kamera yenyewe wala si kwenye kompyuta, na ubadilishe kadi katikati ya sherehe. Mwenye D50 atafute SD za GB 2 zilizotumika, na azijaribu vilevile, maana hata hizo nazo huchakaa.