Ufundi wa Kuitoa Diski Iliyokwama

Diski inapokwama ndani ya kompyuta, fundi hodari huanza kwa kusikiliza. Kitufe kikibonyezwa pawe kimya, huenda umeme haufiki, au programu fulani bado inaisoma diski na mfumo umeizuia trei. Mota ikivuma na trei isitoke, mara nyingi ukanda wa mpira unaozungusha gia umelegea kwa uzee. Mkwaruzo huashiria lebo iliyobanduka au diski iliyopinda. Uzuri wa kazi hii umo hapa: kujua kinachoshika kabla ya kuvuta.

Upole hutangulia. Programu hufungwa, kisha mfumo wenyewe huamriwa kuitoa diski. Ikishindikana, kompyuta huzimwa na waya wa umeme kuchomolewa, kwa kuwa CD katika kiendeshi chenye kasi huweza kuzunguka karibu mara 10,000 kwa dakika.

Viendeshi vingi vya trei vina tundu dogo mbele, lililowekwa kwa dharura kama hii. Kibanio cha karatasi hunyooshwa na ncha yake kuingizwa bila kuinamishwa. Mkono hukutana na ugumu, na ugumu huo una sababu: kwanza fremu inayobeba leza lazima ishuke, diski iachane na kibano cha sumaku, ndipo trei isogee. Asiyejua husukuma kwa pupa akavunja meno ya gia. Fundi huongeza nguvu kidogo kidogo hadi trei ichungulie, kisha huivuta kwa vidole. Kwenye kompyuta mpakato kazi ni nyepesi zaidi, maana ncha hufyatua komeo tu.

Viendeshi vinavyomeza diski bila trei aghalabu havina tundu. Katika kompyuta nyingi za Mac za aina hiyo, kushikilia kitufe cha kipanya wakati wa kuwasha huitoa diski. Ikikataa, kiendeshi hufunguliwa kwa bisibisi. Kuchokoa kwa kisu huhatarisha lenzi.

Diski itokapo hushikwa kingoni. Katika CD, tabaka la data liko chini tu ya lebo, hivyo mkwaruzo wa juu huangamiza zaidi kuliko wa chini. Kiendeshi kina bei dukani. Sauti ya marehemu iliyorekodiwa mara moja haina. Kwa hiyo fundi mwema huinakili diski kwanza katika kiendeshi kizima, kisha hubadilisha ukanda au kuondoa kilichokwamisha, kabla diski nyingine haijaingizwa.