Faili, Dosye na Ahadi: Uhakiki wa Kiolesura cha Faili kwa Mtazamo wa Uvira

1. Utangulizi

Makala haya yanahakiki jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wataalamu wa kompyuta peke yao, nalo ni namna kiolesura cha faili kinavyosanifiwa katika uprogramu wa kiobjekti. Tunalileta katika uwanja wa taaluma za Kiswahili kwa kuwa kusanifu kiolesura ni kazi ya kutaja vitu. Msanifu huchagua jina, kisha huorodhesha vitendo ambavyo kila objekti yenye jina hilo inaahidi kuvitenda. Jina likikosewa, ahadi nazo huyumba, na mzigo wa kosa humwangukia mtumiaji.

Dai letu ni kwamba kiolesura chema hakiahidi zaidi ya yale yanayoweza kutimizwa na kila kinachobeba jina lake, na kwamba istilahi za Kiswahili za taaluma hii hazina budi kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Ushahidi wa kwanza tunauchukua Uvira, mahali ambapo istilahi za mapokeo mawili hukutana katika kinywa cha mtu mmoja.

2. Faili na dosye

Mji wa Uvira uko kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika jimbo la Kivu ya Kusini, mkabala na Bujumbura. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lakini elimu ya juu hutolewa kwa Kifaransa. Kwa hiyo mwanafunzi wa kompyuta wa Uvira husoma kwa Kifaransa, hujadiliana na wenzake kwa Kiswahili cha Kongo, na akifungua programu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, mathalani Jambo OpenOffice iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2004, hukutana na istilahi zilizoundwa ng'ambo ya ziwa.

Tofauti ya majina peke yake haina madhara. Samaki mdogo anayevuliwa usiku kwa taa huitwa ndagala kwenye mwambao wa kaskazini na dagaa huko Kigoma. Samaki ni yule yule, na hakuna mnunuzi anayepunjwa kwa sababu ya jina. Tatizo huanza pale jina moja linapobeba vitu viwili.

Kwa karani wa Tanzania, faili ni jalada linalokusanya barua na hati nyingi. Kitu hicho hicho karani wa Uvira hukiita dosye. Ndani ya kompyuta, hata hivyo, faili ni waraka mmoja, yaani kile ambacho Kifaransa hukiita "fichier", na kinachokusanya nyaraka huitwa folda, ambayo kwa Kifaransa ni "dossier". Dosye ya Uvira, basi, imebaki na maana ile ile mezani na kwenye kioo cha kompyuta, ilhali faili la Tanzania limeshushwa daraja kutoka jalada hadi karatasi. Mwanafunzi aliyelijua faili kama jina jingine la dosye ana haki ya kulitarajia liorodheshe yaliyomo ndani yake.

3. Klasi iliyobeba jina lisilo lake

Mkanganyiko huu si wa Kiswahili pekee. Lugha ya Java ilipotolewa mwaka 1996 ilikuja na klasi iitwayo File. Anayeisoma kwa mara ya kwanza hudhani kwamba objekti ya klasi hiyo ni faili. Sivyo. Objekti hiyo hubeba jina la njia tu, yaani maelezo ya mahali ambapo faili au folda huenda ipo. Inaweza kuundwa ilhali faili lenyewe halipo. Ndiyo maana klasi hiyo hiyo ina mbinu ya kuuliza kama kitu kinachotajwa kipo. Kusoma na kuandika yaliyomo hakufanywi nayo, bali hufanywa na klasi nyingine za mikondo. Zaidi ya hayo, ina mbinu ya kuorodhesha yaliyomo, ambayo huifaa folda tu. Ikiitwa juu ya faili la kawaida hurudisha utupu.

Tuwatendee haki wasanifu wake. Java ilikusudiwa kufanya kazi katika mifumo mbalimbali, na kila mfumo ulikuwa na namna yake ya kuandika njia. Klasi ya kuficha tofauti hizo ilihitajika. Kasoro haikuwa katika kuiunda, ilikuwa katika kuipa jina la kitu kilicho mwisho wa njia. Mwaka 2011, katika toleo la 7, Java ilileta aina mpya iitwayo Path, yaani njia, na vitendo juu ya faili vikawekwa kando katika klasi nyingine. Klasi ya zamani haikufutwa, kwa kuwa programu nyingi mno ziliitegemea.

4. Ahadi na uwezo wa kuitimiza

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa katika maabara za Bell mwaka 1969, ulijenga umaarufu wake juu ya wazo kwamba karibu kila kitu kinaweza kutendewa kama faili: hufunguliwa, husomwa, huandikwa, hufungwa. Wazo hilo lina nguvu, lakini lina mpaka. Ndani ya faili lililo kwenye diski unaweza kuruka hadi sehemu yoyote. Katika bomba linalopitisha data kutoka programu moja hadi nyingine huwezi, kwa kuwa yaliyopita yamepita. Mfumo hujibu kwa kosa.

Barbara Liskov, katika mhadhara wake wa mwaka 1987, alieleza sharti linalohusika hapa: objekti ya aina ndogo iweze kukaa mahali pa aina kuu bila kuivuruga programu inayoitumia. Bomba lililoahidi kuruka limelivunja sharti hilo. Python 3.0, ya mwaka 2008, ilitafuta suluhu kwa kuipa kila objekti ya aina hii mbinu ya kuulizwa kama inaweza kurukia mahali pengine. Go, iliyofikia toleo la 1 mwaka 2012, ilichagua violesura vidogo: kimoja cha kusoma, kingine cha kuandika, kila kimoja kikiwa na mbinu moja. Tunaona njia ya pili ni bora. Asiyeahidi kuruka hahitaji kuulizwa kama anaweza.

5. Kinachopotea

Msomaji anaweza kuuliza ubishi huu una faida gani kwa watu wa mwambao. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Katika mji wa namna hiyo, rekodi za mvua na kina cha maji ni mali ya umma. Tuchukue mfano wa kubuni: mtunza rekodi anahifadhi vipimo vya siku kwenye diski ndogo ya kuchomeka, kisha anaifuta nakala ya zamani. Katika klasi ya File, mbinu ya kufuta hurudisha "ndiyo" au "hapana" tu. Hapana kwa nini? Faili halipo? Ruhusa imekosekana? Diski imechomolewa? Kiolesura kimenyamaza. Mbinu iliyokuja mwaka 2011 hutoa kosa lenye aina na maelezo yake, na mtunza rekodi akapata pa kuanzia.

Vivyo hivyo kuhusu kufunga. Data huweza kusubiri katika kumbukumbu kabla ya kufika kwenye diski, na kushindwa kwake huweza kuonekana wakati wa kufunga tu. Kiolesura kinachochukulia kufunga kama adabu ya mwisho isiyoweza kushindikana humwambia mtu kwamba kipimo kimehifadhiwa ilhali kimepotea.

6. Hitimisho

Hatupendekezi kulitupa neno faili, limekwisha kuzoeleka. Tunapendekeza kwamba katika ufundishaji faili, njia na folda vitenganishwe tangu somo la kwanza, na kwamba dosye itajwe kando ya folda badala ya kuhesabiwa kuwa lahaja isiyofaa, kwa kuwa katika jambo hili imehifadhi maana kwa uaminifu zaidi. Kuhusu neno kiolesura, ambalo msomaji husikia "sura" ndani yake, linafaa sana kwa kile kinachoonekana kwenye kioo. Likitumiwa kwa uprogramu, fasili yake ianze na ahadi. Na kila istilahi mpya ya uwanja huu, kabla haijaingizwa katika kamusi, iulizwe swali moja: je, kati ya vitu vitakavyobeba jina hili, kipo kitakachoshindwa kutimiza linachoahidi?